Ua wa Kaburi la Baba

Watu huniletea matawi. Huja baada ya misa ya Jumapili, mmoja ana kitawi cha msaiprasi ndani ya mfuko, mwingine amekunja jani la waridi kwenye leso, na wote wana swali moja: kwa nini mmea wangu umegeuka kahawia? Wanatazamia nitaligeuza jani nimtaje mdudu. Mimi huwauliza kwanza, "Miezi miwili iliyopita ulifanya nini?"

Wengine huudhika. Wanakumbuka vizuri walichofanya juzi, na wanamkumbuka vizuri zaidi mtu aliyepita karibu na bustani juzi. Lakini miti ya namna hii haifi kama mahindi. Mahindi yakikosa maji asubuhi, mchana yamekunja majani, na jioni ukiyamwagilia yanasahau. Kipandikizi cha msaiprasi kikiumia hakisemi kitu. Kinabaki kijani wiki sita, wiki nane, kimekwisha kufa na rangi bado ipo. Siku ncha zinapokuwa kahawia, jambo lenyewe limekwisha zamani.

Hayo nilijifunza kwa kumchukia mtu. Nimekuwa mwalimu wa dini tangu ujana wangu, nimefundisha watoto wa watoto wa wale niliowafundisha mwanzo, na ninamshukuru Mungu kwa afya na kwa mkate. Sitaandika hapa kwamba nilimpenda adui yangu. Nilimsubiri.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji, watu walipotolewa kwenye maboma yao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Karatu, upande wa kuelekea msitu wa Ngorongoro. Ilibomolewa, tukajenga upya pale tulipoonyeshwa. Sikulalamika, maana nyumba ni miti na udongo. Lakini baba yangu alikuwa amezikwa nyumbani kwetu kwa zamani, nyuma ya zizi, na kaburi halihamishwi. Mashamba yalipogawanywa upya nilipewa sehemu ile, nikashukuru. Kaburi liliangukia ukingoni kabisa, hatua mbili kutoka shamba la jirani.

Jirani huyo alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa na maksai wanne, plau, sauti nzuri ya kuimba kanisani, na tabia ya kulima zaidi kidogo kila msimu. Msimu wa kwanza plau ilipita kando ya mpaka. Msimu wa pili ilipita juu ya mpaka. Msimu wa tatu niliukuta msalaba wa baba umeinama, na udongo mbichi umefika chini yake.

"Maksai hawajui kusoma, Mwalimu," aliniambia nilipomfuata.

"Anayewashika mikia anajua."

"Mimi nilifika darasa la pili tu. Mipaka inafundishwa la tatu."

Watu waliokuwapo walicheka. Nami nilitabasamu, kwa sababu mwalimu wa dini hutazamwa. Nilirudi nyumbani nikasali, na katika sala ile niliomba plau yake ivunjike.

Nilipeleka shauri kwa kamati ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki lakini mwenye haraka. Alisimama shambani, akatutazama wote wawili, akasema hakuna mpaka usio na alama hai. "Panda ua, Mwalimu. Mvua za vuli zikianza tutarudi. Tukikuta miche mstari mzima, mpaka ni hapa na kaburi ni lako. Tusipoikuta, tutavuta kamba kutoka mkuyu ule moja kwa moja hadi barabarani, na maneno yameisha." Kila aliyekuwapo aliona kamba ingepita wapi. Ingemwacha baba yangu ndani ya shamba la balozi.

Ningeweza kupanda manyara. Manyara hushika hata ukiitupa chini na kuikanyaga, na mashamba mengi kwetu yamezungushiwa hiyo. Mke wangu alinisihi nipande hiyo. Mimi nilitaka misaiprasi, mirefu, iliyosimama wima kama ile ya misheni, ili balozi akiamka kila asubuhi aione. Kiburi changu kiliingia hapo, na sikukitambua kwa sababu kilikuwa kinazungumza juu ya heshima ya baba.

Bustani ya misheni ilitunzwa na sista mmoja aliyezaliwa mbali na kuzeekea kwetu. Alinikatia matawi mwenyewe, Julai, wakati wa ukungu na baridi. Alinionyesha kuyang'oa kwa kuyavuta chini ili yatoke na kipande kidogo cha gome la tawi mama, kama kisigino. Alisema niyachomeke kwenye mchanga safi, wala si kwenye udongo wetu mwekundu unaoshika maji na kuozesha. Yakae kivulini, yasipigwe na upepo, na nisiyachomoe kutazama mizizi. "Mtu anayechomoa kila wiki anapanda kila wiki," aliniambia. Halafu akaenda Endulen kusaidia hospitalini, na hakurudi mpaka Desemba.

Mchanga safi ndio uliokuwa shida. Huku juu hakuna, na mto wenye mchanga uko mbali bondeni. Lakini karibu na zahanati iliyokuwa ikijengwa palikuwa na fungu kubwa, limeletwa na lori kutoka pwani ya ziwa Eyasi, na fundi alikuwa amelikataa. Sikuuliza kwa nini alilikataa. Niliona ni mchanga mweupe, laini, usio na mwenyewe. Nilipokuwa nikiubeba kwa magunia, ng'ombe wangu mmoja alinifuata akalamba gunia, kisha akalilamba fungu lenyewe bila kuchoka. Nilimpiga kwa fimbo. Mimi, mtu aliyekulia nyuma ya mifugo, ambaye baba yake alimpeleka magadini na ng'ombe kabla hajajua kuvaa kaptura, nilimwona ng'ombe akilamba ardhi nikadhani ni tamaa.

Nilichomeka vipandikizi mia na zaidi kwenye kitalu kando ya nyumba. Agosti yote vilikuwa kijani. Septemba vilikuwa kijani. Balozi alikuwa akipita njiani anasimama.

"Mwalimu, naona waumini wako wamekaa kimya."

"Wanasali."

"Waambie wasimame basi. Waumini wa kukaa tu hawajengi kanisa."

Wiki ya kwanza ya Oktoba, jua lilipoanza kuwa kali, ncha zikabadilika. Kwanza ilikuwa kama mtu amezipaka chai. Baada ya siku nne rangi ilishuka hadi katikati, na ukivuta jani linabaki mkononi. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Niliongeza matawi ya kivuli. Nilichukua samadi mbichi kutoka zizini nikaiweka juu, nikakiua na kile ambacho pengine kilikuwa bado kinapumua. Hapo ndipo mke wangu alipokumbuka.

"Balozi alikuwa hapa," alisema. "Mwisho wa Agosti, ulipokuwa umekwenda kufundisha. Alichuchumaa pale kwenye kitalu, akatia mkono."

"Alitia nini?"

"Sikuona. Nilidhani anatazama."

Sikuhitaji zaidi. Niliamini ametia chumvi, au mafuta ya taa, au mkojo wa mbuzi. Nilimpa makosa yote kwa zamu, na kila moja lilimfaa.

Kamati ilirudi mvua zilipoanza. Nilikuwa nimevihamishia vingi mpakani hivyo hivyo, wakakuta mstari wa vijiti vya kahawia. Mwenyekiti alinionea huruma, lakini kamba aliivuta. Nilisema mbele ya wote kwamba miti yangu imeuawa. Mwenyekiti akauliza imeuawa na nani, nami nilipomtazama balozi, balozi akatazama mawingu. Sikuwa na shahidi wa kitu alichotia. Siku iliyofuata maksai waliingia. Walilima kuzunguka kaburi, wakaacha kisiwa cha nyasi chenye upana wa kitanda.

Tangu siku hiyo, kwenda kulisafisha kaburi la baba yangu nilipaswa kubisha hodi kwa mtu mwingine.

"Pita, Mwalimu," alikuwa akisema, ameketi mlangoni kwake na kikombe cha uji. "Ila uangalie maharage yangu, yana maua."

Nilipita, nikayaangalia maharage yake.

Sista aliporudi kutoka Endulen nilimpeleka kwenye kitalu. Alichomoa kijiti, akakitazama chini, akakitupa. Kisha akachukua chembe za mchanga, akaziweka kwenye ulimi, akatema.

"Umeutoa wapi?"

Nilimwambia.

"Mwalimu, umepanda kwenye magadi. Hivi havikuishi hata wiki tatu. Baridi tu ndiyo iliyovihifadhi rangi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa na hasira kuliko nilipokwenda. Ilinipasa kufurahi kwamba jirani yangu hakufanya ubaya nilioudhania. Badala yake nilijiona nimeibiwa. Nilikuwa nimemhukumu mtu miezi miwili, hukumu imekaa vizuri moyoni, na sasa naambiwa mkosaji ni mimi na gunia langu. Lakini kaburi lilikuwa bado katikati ya maharage yake. Chuki yangu ilihama sababu moja ikakaa kwenye nyingine, na haikuchoka safarini.

Sikumwambia mtu habari za mchanga, hata mke wangu.

Mwaka uliofuata, hoteli moja ya watalii juu ya ukingo wa kreta ilitaka miche ya misaiprasi na ya maua kwa ajili ya bustani yake. Mtunza bustani wa hoteli alikuwa shemeji wa balozi, na balozi akachukua kazi hiyo. Alijisifu kwa kila mtu. Alisema waliosoma dini wameshindwa na miti, sasa watamwona mtu wa darasa la pili. Akakata matawi. Na asubuhi moja ya Julai nilimwona anapita mbele ya nyumba yangu na sleji, gari la kuburuta lisilo na magurudumu, inayovutwa na maksai wawili, anaelekea kwenye lile fungu la mchanga.

Alisimama.

"Mwalimu, mchanga ule si ndio uliotumia wewe?"

"Ndio."

"Ukoje? Unapitisha maji?"

Nilikuwa na jembe mkononi. Nakumbuka niliuegemeza mpini kwenye ukuta kwanza, ili nipate muda. Mwalimu wa dini hasemi uongo.

"Unapitisha maji vizuri sana," nilisema. "Ni laini, hauna mawe."

"Basi tatizo lilikuwa mkono wako," akasema, akawapiga maksai.

Nilimtazama mpaka alipokunja kona. Nisiposema ukweli hapa, hakuna maana ya kuandika: ile ilikuwa asubuhi njema. Niliimba nikipalilia.

Nilikuwa na subira kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Agosti miche yake ilikuwa kijani, akanipungia mkono kila nilipopita. Septemba alileta watu waione. Alimleta bwana shamba, akasimama nayo kama baba wa bibi harusi. Alisema mbele yangu, baada ya misa, kwamba Mungu humbariki anayefanya kazi kuliko anayefanya maneno. Nilimjibu, "Amina." Nilijua vijiti vile vyote vilikuwa maiti, na kila sifa aliyoipokea ilikuwa inaandaa aibu yake.

Jua la Oktoba likaja. Sikwenda kutazama, nilisikia. Mke wangu alirudi kisimani akasema, "Miti ya balozi imepakwa chai." Nilienda kusali, na nilikuwa nimekwisha kupiga magoti ndipo nilipotambua kwamba sijui niombe nini, maana nililokuwa nikiliomba nimekwisha kulipata.

Alikuja baada ya siku chache, mchana, kofia mkononi. Hakutaka kuketi.

"Mwalimu, umeniombea vibaya."

"Nimekuombea kila siku."

"Usinifanyie mzaha. Hoteli imekubali kunisubiri hadi mwakani kwa heshima ya shemeji. Nikikosea tena, nimekwisha, na yeye amekwisha pamoja nami. Wewe unajua sababu. Nimekwenda kwa Sista, ameniambia nikuulize wewe."

"Ninaijua."

"Niambie."

"Kaburi la baba yangu liko shambani mwako," nilisema.

Aliigeuza kofia mikononi. Kisha akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko cha dharau, alikuwa amechoka.

"Unadhani niliiua miti yako. Sikuiua. Nilipita pale ukiwa hupo, nikachomoa mmoja. Ulikuwa hauna mzizi hata mmoja, chini mweusi kabisa. Nikaurudisha kama ulivyokuwa."

"Hiyo ilikuwa mwisho wa Agosti."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima kabla haijabadilika. Ungeniambia, ningepanda manyara, na kamati ingeikuta imeshika."

"Ningekuambia kwa sababu gani?" akauliza. Na aliuliza kweli, kama mtu anayeuliza njia.

Nilikuwa nimeanza kulainika kwa ajili ya ile kofia. Alipolisema neno hilo nikawa mgumu tena. Nilimwambia, "Basi na mimi nitakuambia kwa sababu gani?" Nikaingia ndani nikamwacha uani.

Alivumilia wiki mbili. Siku aliyorudi alikuja na mwenyekiti, na kamba. Wote tukaenda shambani. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama anatoa kwa hiari yake, na mara zote mbili alisema ndiyo huku akinitazama mimi. Mpaka ukarudishwa pale ulipokuwa tulipogawiwa mashamba, hatua mbili kutoka kaburini, nikachomeka vigingi. Mwenyekiti alipokwisha kuondoka ndipo nilipomwambia balozi, "Nenda kwenye fungu la mchanga, uonje."

Alirudi anafuta ulimi kwa mkono wa shati.

"Uliniona nikienda kuuchukua."

"Uliniuliza kama unapitisha maji."

Alitema mate tena, akaenda zake. Mwaka uliofuata alichota mchanga wa mto, miche yake ikashika, hoteli ikaichukua. Nami nilichota kwenye mto uleule, upande wa juu kidogo, nikapata misaiprasi yangu.

Hapa msomaji mwema angetaka niishie. Kaburi limerudi, majirani wawili wana miche ya kijani. Lakini nilikuwa bado na ile "kwa sababu gani" masikioni, na miti ilikuwa mikononi mwangu.

Msaiprasi hukaushwa na mambo mengi, na wenyewe hukausha mengi pia. Mizizi yake hutambaa mbali juujuu ya ardhi na kunywa maji ya jirani. Kivuli chake ni kizito. Ndiyo maana kwetu ua wa mpakani hukatwa kila mwaka baada ya mavuno, kila mtu upande wake, usizidi kimo cha kifua. Lakini mti uliopandwa kwa ajili ya kaburi hauguswi na panga la mtu asiye wa ukoo. Hilo halikuandikwa popote, na hakuna anayelivunja. Nilipanda mistari mitatu badala ya mmoja, kati ya baba na balozi, upande linakotokea jua la shamba lake. Siku ya kupanda niliwaita wazee na majirani, tukasali, nikasema kwa sauti kwamba ua huu ni wa kaburi. Balozi alikuwapo. Alivua kofia, akasema amina pamoja na wengine. Sidhani alielewa siku hiyo.

Alielewa baada ya miaka mitano, sita. Miti ilikuwa imempita mtu kimo. Mistari mitatu ya mahindi yake ya mpakani ilikuwa inadumaa, kisha minne. Ilitoka myembamba, ikawa njano chini, na kabla ya kubeba ikawa kahawia kana kwamba ukame umeshuka pale tu. Alinikuta nikifagia kaburini.

"Mwalimu, wewe unayejua majani. Mahindi yangu ya huku yana nini?"

"Kivuli," nilisema. "Na mizizi. Yanakosa jua na yanakosa maji."

"Dawa yake?"

"Kukata ua."

Aliitazama miti kutoka chini hadi juu.

"Ni ya kaburi," akasema.

"Ni ya kaburi."

"Wewe ni wa ukoo. Wewe unaweza kuikata."

"Ninaweza."

Alisubiri niendelee. Ndege waliruka kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Kisha akavuta koti lake, akarudi kwenye mahindi yake, na mwaka ule aliacha kulima sehemu ile. Pameota majani. Ni pana kuliko kipande chote alichowahi kuniibia kwa plau.

Sasa sote ni wazee. Tunaketi benchi moja kanisani kwa sababu ya masikio, maana mbele ndiko kunakosikika. Anaimba bado, sauti imebaki nusu. Tunapeana mkono wa amani, na mkono wake ninaushika bila kinyongo kwa muda wote ninaoushika. Padre ananijua. Ameniuliza mara nyingi kama nimesamehe, nami sijamdanganya. Amenipa kitubio kile kile kila mwaka: nichukue panga, nishushe ua hadi kimo cha kifua. Ninamshukuru kwa uvumilivu wake.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nililinoa panga likawa kama wembe. Nikaenda asubuhi na mapema. Nilifyeka nyasi za kaburini, nikaunyoosha msalaba, nikakata matawi yaliyokuwa kahawia upande wangu, yale ya ndani ambayo hukauka yenyewe kwa uzee na si ugonjwa. Nikasali. Upande wa balozi miti ilikuwa mizima, kijani kibichi, imemwinamia hadi katikati ya majani yake. Nikafuta panga, nikarudi nyumbani kunywa chai.